UZI: Boulder City, mji wa jangwani ambao wenyeji wake waliuogopa uhuru

#1 Tandiboi Mstaafu

Wakuu, salaam.

Naendesha lori huku Nevada mwaka wa sita sasa, na miaka yote hiyo nilikuwa nakipita kimji kimoja bila kukigeuzia shingo. Kiko kama kilomita 40 kusini-mashariki mwa Las Vegas, njia ya kwenda Hoover Dam, lile bwawa kubwa la Mto Colorado. Juzi lori likanikatikia pale, nikakaa siku mbili nasubiri kipuri. Jioni ya kwanza natoka kutafuta chakula, nashangaa sioni kasino. Huku Nevada hata duka unalonunua maziwa lina mashine za kamari mlangoni. Pale hakuna. Halafu kuna miti mikubwa, nyasi za kijani katikati ya jangwa linalokaanga, na kondoo mwitu wenye pembe za kujikunja wameshuka mlimani wanakula bustani ya mji kama wamelipia.

Nikaanza kudodosa wazee, nikaingia makumbusho, nikasoma. Mji huu ulimilikiwa na serikali kuu ya Marekani kwa karibu miaka 30, kuanzia ardhi hadi bomba la jikoni kwako. Serikali ilipochoka ikawaambia wenyeji jitawaleni, na wenyeji ndio waliosita. Mimi nimekua nikisikia habari za uhuru zinazoanza na wananchi kudai. Hii imeanzia mkiani.

Nitaleta kwa vipande, niko njiani.

Kwanza mto. Mto Colorado na vijito vyake wanaugawana majimbo saba, na zamani theluji ya milimani ikiyeyuka ulikuwa unafurika na kufunika mashamba ya kusini mwa California, kisha kiangazi unabaki ukanda wa matope. Desemba 21, 1928 Rais Coolidge akasaini sheria ya kujenga bwawa kubwa mpakani mwa Nevada na Arizona. Machi 1931 kazi ikachukuliwa na muungano wa makampuni uliojiita Six Companies, kwa dola 48,890,995. Mwezi huohuo jimbo la Nevada likahalalisha kamari. Liwekeni hilo kiporo, tutalipasha baadaye.

Sasa watu watalala wapi? Las Vegas ilikuwa kituo cha reli chenye watu 5,165 kwa sensa ya 1930, na wakubwa wake walishajihesabia kwamba wafanyakazi wote watakuwa wapangaji wao. Inasimuliwa kwamba 1929 waziri Ray Lyman Wilbur alipokuja kukagua, vilabu vyote vilifungwa na mji ukapigwa deki. Ila mmoja wa msafara wake akaponyoka, akarudi ananuka pombe. Wilbur mwenyewe alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, na kwao wizara hiyo inashughulika na ardhi ya umma, haina habari na polisi. Iwe kweli au imetiwa chumvi, serikali iliamua kujenga mji wake yenyewe, mbali na vishawishi.

---

#2 Kiroboto255

Nimekaa kiti cha mbele, mkuu. Usije ukatukimbia katikati kama wale wa uzi wa majini ya Tanga.

---

#3 Mama Kokoto

Hao kondoo umewapiga picha? Bila picha hii ni chai.

---

#4 Tandiboi Mstaafu

Mama Kokoto, picha ninazo, nikifika ntaweka. Chai unayo wewe.

Tuendelee. Mji ulichorwa na S. R. DeBoer, mpangaji miji wa Denver mzaliwa wa Uholanzi. Aliuchora kama pembetatu, au tuseme feni ya mkononi iliyokunjuliwa: kwenye kikonyo, juu ya kilima, ofisi ya Bureau of Reclamation, idara ya serikali kuu inayojenga mabwawa huko magharibi. Nitaiita Idara. Kutoka hapo barabara zinashuka zikitawanyika. Zikapewa majina ya yale majimbo saba ya mto: Nevada, Arizona, California, Utah, Colorado, Wyoming, New Mexico. DeBoer alitaka pia ukanda wa kijani kuzunguka mji na bustani kila pembe. Wahandisi wakapiga hesabu ya fedha, wakapunguza mengi, lakini ile pembetatu ikabaki. Leo ukiwa chini mtaani unainua macho unaiona ofisi ya Idara imekukalia kichwani. Tena kilima chenyewe kilikuwa na daraja zake. Juu nyumba za matofali za wahandisi wa serikali, na ukishuka unakuta vijumba vya mbao vya kampuni, vingine vyumba viwili au kimoja na kibaraza. Makapera walilala mabwenini na kula kwenye bwalo moja kubwa. Chakula, kitanda na usafiri wa kwenda kazini vilikatwa dola 1.60 kwa siku kwenye mshahara, na kibarua wa chini alilipwa dola 4.

Lakini hayo ni ya baadaye kidogo. Watu hawakungoja mji ujengwe. Huo ulikuwa wakati wa ule mdororo mkubwa wa uchumi, wanaume wanazurura nchi nzima na familia ndani ya magari mabovu, mtu anasikia kuna kazi Nevada anageuza usukani. Mwanzoni mwa 1931 wengine wakapiga kambi ukingoni mwa mto, mahali palipokuja kuitwa Ragtown, yaani mji wa matambara. Mahema, maboksi, magari yenyewe. Kiangazi hicho joto lilifika karibu nyuzi 48 za Selsiasi kivulini, na kivuli hakikuwepo. Watu wanakunywa maji ya mto yenye tope. Ndani ya wiki chache tu za Juni na Julai watu zaidi ya 10 wakafa kwa joto.

Agosti 1931 kampuni ikabadilisha kazi na kukata ujira wa baadhi ya vibarua wa mahandaki. Wakagoma. Mnyapara mkuu wa kampuni, Frank Crowe, hakukubali hata dai moja. Kwa Kiingereza walimwita jina la utani lenye maana ya Mwenye Haraka, na kweli hakuwa mtu wa kusubiri. Waliogoma wakaondolewa eneo lote la mradi, mgomo ukafa ndani ya muda mfupi, kazi ikaanza tena na waliokubali masharti. Walichopata ni kwamba ujenzi wa nyumba ulikazwa. Kilichokuja nacho ni geti: ukitaka kuingia Boulder City unasimama barabarani, unaonyesha kibali.

---

#5 Wakili wa Kijiweni

Hapo pa geti. Mji wa raia, ndani ya nchi yao, mtu anaonyesha kibali kuingia? Kwa sheria ipi?

---

#6 Tandiboi Mstaafu

Wakili, ardhi ilitengwa kuwa hifadhi ya serikali kuu. Kwa hiyo hakukuwa na baraza la mji, meya, wala uchaguzi wa mambo ya mji. Oktoba 1931 Idara ikamleta mzee mmoja, Sims Ely, akawa meneja wa mji. Alikuwa anakaribia miaka 70. Akawa yeye ndiye halmashauri na mahakama na mwenyekiti wa mtaa. Pombe marufuku, kamari marufuku. Umekamatwa na chupa, unaitwa ofisini kwake, na jioni huna kazi, na ukishakosa kazi huna nyumba kwa sababu nyumba ni ya kazi. Mke na mume wakigombana, Ely anaamua. Alikaa kwenye kiti hicho hadi 1941.

Biashara nayo haikuachwa holela. Kila aina ya duka lilipewa kibali kwa hesabu: vinyozi kadhaa, maduka ya nguo kadhaa, basi. Hoja yao ilikuwa kwamba wafanyabiashara wasije wakauana kwa ushindani bwawa likiisha. Kampuni ilikuwa na duka lake kubwa, na iliwapa wafanyakazi sarafu zake zilizotumika pale tu. Wenye maduka binafsi wakalalamika mpaka Washington, na 1933 waziri mpya Harold Ickes akazipiga marufuku.

---

#7 Mzee Kipara

Umenikumbusha mbali. Nimekulia kota za shirika moja, silitaji. Baba akitaka kubadilisha kitasa cha mlango anaandika barua, anasubiri fundi wa shirika miezi mitatu. Lakini pia taa ikiungua hatununui, maji hatulipi, majani yanafyekwa na watu wa shirika. Siku tulipoambiwa tuhame ndipo nikajua bei ya balbu, nina miaka 17.

---

#8 Mhandisi wa Bomba

Mimi swali langu la kikazi. Mji uko mlimani, mto uko korongoni. Maji yalipandaje 1931? Na hayo matope?

---

#9 Tandiboi Mstaafu

Mzee Kipara, shika hapohapo pa balbu. Ndipo uzi huu unapoelekea.

Mhandisi, yalisukumwa. Mji uko kama mita 760 juu ya usawa wa bahari, wameuweka pale kwa sababu ya upepo na joto kupungua kidogo kuliko korongoni. Mto ulikuwa chini yake kwa zaidi ya mita 500. Pampu zikapandisha maji kwa hatua, tope likaachwa lizame, kisha mtambo wa kusafisha ukayachuja na kupunguza chumvi za mawe. Maji yale ghali ndiyo yakamwagiliwa nyasi! Walimleta mtaalamu wa bustani, Wilbur Weed, akajaribu miti gani inavumilia joto na upepo, wakapanda maelfu. Serikali ilikuwa inaweka maonyesho pale: katikati ya umaskini wa miaka ile, tazameni mji safi wenye kivuli, jangwa limetii.

---

#10 Shangazi Mdogo

Mnausifia sana huo mji safi. Weusi walikaa wapi? Maana naijua Marekani ya miaka hiyo.

---

#11 Tandiboi Mstaafu

Shangazi, nilikuwa naijia, na bora umeuliza wewe.

Hawakukaa. Mkataba wenyewe ulikataza kwa maandishi kuajiri watu wa asili ya Kichina na jirani zao. Weusi hawakutajwa kwenye mkataba, ila hawakuajiriwa. Wakazi weusi wa Las Vegas wakaunda chama chao cha kutetea kazi 1931, NAACP, chama cha kitaifa cha kutetea haki za weusi, ikaingia, ndipo kuanzia 1932 wachache wakachukuliwa. Wakati wowote ule hawakuzidi 30 hivi, kwenye kazi ambayo Julai 1934 ilifikisha watu 5,251. Kazi walizopewa zilikuwa za mashimo ya mchanga na kokoto, ndoo ya maji ya kunywa ya kwao peke yao. Na kulala Boulder City hairuhusiwi: asubuhi wanaletwa kutoka Las Vegas, jioni wanarudishwa, zaidi ya kilomita 40 kila upande.

Na hii haikuwa kampuni binafsi inayojificha shambani. Ardhi ya serikali kuu, geti la serikali kuu, meneja anayelipwa na serikali kuu.

---

#12 Shangazi Mdogo

Ahsante kwa kutoificha. Hivyo geti lilikuwa na kazi mbili.

---

#13 Kiroboto255

Twende kwenye uhuru sasa, mkuu. Chajio kinapoa.

---

#14 Tandiboi Mstaafu

Bwawa lilizinduliwa na Rais Roosevelt Septemba 30, 1935, likakabidhiwa Machi 1936, zaidi ya miaka miwili kabla ya muda. Kimo chake mita 221. Hata jina liligombaniwa: Waziri Wilbur aliliita Hoover, Ickes akaligeuza Boulder, 1947 Bunge likarudisha Hoover.

Kazi imeisha, sasa mji wa nini? Wengi walifikiri utakufa. Makambi ya ujenzi yana desturi hiyo, na Nevada imejaa miji iliyokufa migodi ilipokauka. Vijumba vingi vya kampuni vilibomolewa, vingine vikanunuliwa kwa bei ya kutupa na kubebwa vikiwa vizima. Idadi ya watu ikaporomoka.

Haukufa. Bwawa linahitaji watu wa mitambo kila siku. Idara ikabakisha ofisi yake. Hifadhi ya ziwa jipya, Lake Mead, ikaweka makao yake palepale. Ikaja vita ya pili ya dunia, jeshi likapiga kambi kulinda bwawa, na bondeni jirani kikajengwa kiwanda kikubwa cha magnesiamu, nyumba zikawa hazitoshi tena. Hapo ndipo kambi ilipogeuka mji wa kuishi, wa watumishi wa serikali na familia zao, watu wa kufyeka majani Jumamosi na kanisani Jumapili.

Na geti? Liliondolewa. Lakini ardhi yote bado ya serikali kuu. Unaweza kuwa na duka miaka 15 na kiwanja si chako, umekodishwa. Nyumba nyingi ni kota. Polisi, zimamoto, taa za barabarani, takataka, yote Idara. Fikirieni idara ya wahandisi wa mabwawa inajadili mbwa wanaozurura mtaa wa Utah.

Idara ikachoka. Miaka ya 1940 inaisha wakamwita profesa wa utawala kutoka Chuo Kikuu cha Southern California, Henry Reining, achunguze mji na kushauri. Ripoti yake ya 1950 ilisema serikali kuu ijiondoe, watu wapewe kununua nyumba, mji uwe na serikali yake. Mwaka uliofuata wizara ikautenganisha uendeshaji wa mji na mradi wa bwawa, yaani mfuko wa mji ukaanza kuonekana peke yake. Na hapo gharama ya kuutunza ikawa wazi kwa kila mtu.

Wenyeji sasa. Mzee Kipara, balbu yako. Wengine walitaka kumiliki, ndiyo. Lakini hofu ilikuwa kubwa kuliko hamu. Kodi ya majengo itakuwa kiasi gani? Nani atasukuma maji kutoka ziwani na kwa bei gani? Nyasi je? Na hofu iliyonigusa zaidi: tukijitawala, kamari itaingia. Marufuku ilikuwa ya serikali kuu. Ikiondoka, sheria ya Nevada ya 1931 inaruhusu. Ule mlango waliofungiwa na mzee Ely, wao wenyewe walikuwa wanauona kama ukuta wa nyumba yao.

Kwa hiyo mazungumzo yakachukua karibu miaka kumi. Mikutano, kamati, miswada inakwenda Washington na kurudi. Septemba 2, 1958 Rais Eisenhower akasaini sheria ya Boulder City. Serikali ikaukabidhi mji barabara, mabomba, nyaya za umeme, bustani, majengo ya umma na ardhi yenyewe. Wakazi wakaandika katiba yao ya mji na kuipigia kura 1959. Januari 4, 1960 Boulder City ikawa mji unaojitawala.

---

#15 Wakili wa Kijiweni

Kwenye kuuza kota ndipo penye harufu kila mahali duniani. Nani alinunua? Wakubwa wa Washington hawakujigawia kweli?

---

#16 Tandiboi Mstaafu

Nilitarajia hivyohivyo mkuu, nikatafuta. Aliyekuwa anaishi ndani ndiye aliyepewa nafasi ya kwanza kununua. Aliyekodi kiwanja na kujenga naye akapewa nafasi hiyo kwenye kiwanja chake. Ndiyo maana unakutana na familia ziko mtaa uleule tangu babu mchimba handaki. Ila kumbuka alichosema Shangazi: waliokuwa ndani ndio walionunua, na tunajua nani hakuruhusiwa kuwa ndani.

---

#17 Mzee Kipara

Sawa, wakajitawala. Kamari ikaingia?

---

#18 Tandiboi Mstaafu

Hapa ndipo kile kiporo kinapashwa.

Walipoandika katiba yao waliiweka marufuku ya kamari wenyewe, kwa mkono wao. Mpaka leo. Nevada nzima ni Boulder City na kijiji kimoja cha Wamormoni, Panaca, ndiko kamari haichezwi. Pombe kali nayo waliizuia mpaka 1969.

Kisha wakaenda mbali zaidi. Las Vegas ilikuwa inavimba, wajenzi wanazunguka kama nzi, ardhi ya mji ni tele. 1979 wakapiga kura kudhibiti ukuaji: vibali vya nyumba mpya visizidi 120 kwa mwaka. Na ardhi ya mji inayozidi ekari moja haiuzwi mpaka wakazi waipigie kura. Meya anaweza kukupenda namna gani, hawezi kukukatia eneo kwa simu.

Na hapohapo wakanunua ardhi! 1995 wakachukua zaidi ya ekari 100,000 za bonde la Eldorado, kusini mwa mji, wakawa miongoni mwa miji mikubwa kwa eneo Nevada nzima. Nia ikiwa ni kuhakikisha hakuna mwingine atakayejenga pale. Sehemu kubwa imeachwa kuwa makazi ya kobe wa jangwani. Kipande kingine wamekikodisha kwa makampuni ya umeme wa jua. Nevada Solar One ilianza 2007 na megawati 64, ikafuata Copper Mountain, na mengine. Napita pale usiku na mchana, ni vioo mpaka macho yanauma, na kodi ya pango inaingia mji kwa mamilioni ya dola kila mwaka. Mji ulioogopa kwamba hautaweza kulipia taa zake sasa unakodisha jua.

---

#19 Binti Chake

Naomba nichangie, maana mimi naishi Henderson, dakika 20 kutoka hapo, na watu wanausifu sana huo mji kuliko unavyostahili.

Henderson yetu ndiyo ile ya kiwanda cha magnesiamu alichokitaja mkuu. Nayo ilijengwa kwa fedha za serikali, vijumba vya vita, vita ikaisha watu wakakimbia. Jimbo likakinunua kiwanda na nyumba mwishoni mwa miaka ya 1940, 1953 ukawa mji unaojitawala, miaka saba kabla ya Boulder City. Sisi tukaacha milango wazi. Sensa ya 2020: Henderson 317,610, mji wa pili Nevada. Boulder City 14,885, na 2010 walikuwa 15,023. Yaani wanapungua.

Mimi ni nesi. Wenzangu wawili walitaka kuhamia kule, nyumba hakuna, iliyopo bei yake imepaa kwa sababu wamezuia nyingine zisijengwe. Waliomo wamezeeka. Vijana wao wanakuja kupanga kwetu. Kufunga mlango ni raha ukiwa upande wa ndani.

---

#20 Tandiboi Mstaafu

Dada, hapo umenikamata. Kwa kweli nilivyokaa siku mbili sikuona vijana wengi, niliona wazee kwenye mabenchi na watalii wa bwawa. Ila nami nikuulize: kiangazi kile, ukitoka Henderson ukaingia pale, hukuona kivuli?

---

#21 Binti Chake

Nimekiona. Kila Idi tunapeleka watoto bustani ile kuangalia kondoo. Sijasema mji mbaya, nimesema hawanitaki.

---

#22 Shangazi Mdogo

😂😂 Jibu la mwaka.

Lakini mimi naona jambo. Ely alifunga mlango kwa geti na kibali. Hawa wamefunga kwa kura na vibali 120. Wa kwanza aliwafungia wengine na kuwafunga wao pia. Hawa wa pili wanafunga wakiwa na funguo mfukoni.

---

#23 Wakili wa Kijiweni

Tofauti ya kisheria ni kubwa lakini, Shangazi. Kura ya 1979 inaweza kufutwa na kura nyingine. Ely usingemfuta.

---

#24 Mhandisi wa Bomba

Na maji nani anapandisha sasa? Maana ziwa naona habari zake limeshuka.

---

#25 Tandiboi Mstaafu

Limeshuka kweli, mkuu. Ukisimama juu ya bwawa unaona mkanda mweupe kwenye miamba, kama alama ya maji kwenye ndoo ya zamani, unaonyesha yalikuwa wapi. Maji ya nyumbani huku yanatoka ziwa hilohilo, na yakitumika ndani ya nyumba za bonde la Las Vegas yanasafishwa na kurudishwa ziwani. Boulder City iko upande wa pili wa mlima, maji yake machafu hayateremki kurudi ziwani. Kwa hiyo nyasi za DeBoer na Weed zinatazamwa kwa jicho jingine siku hizi.

---

#26 Kiroboto255

Mkuu mimi nina swali dogo. Bwawa lina vibarua elfu tano, mshahara umeingia, mji hauna pombe wala karata. Unataka kuniambia wote walikuwa watakatifu?

---

#27 Mama Kokoto

Na picha za kondoo?

---

#28 Tandiboi Mstaafu

Kiroboto, ahsante, nilikuwa nimesahau utamu wenyewe. Njia ya kwenda Las Vegas, pale kwenye kipito cha mlima, hatua chache nje ya mpaka wa hifadhi ya serikali, 1931 hiyohiyo kilifunguliwa kilabu cha kamari kinaitwa Railroad Pass. Mzee Ely hana mamlaka nacho. Watu wanatoka zamu, wanapita geti, wanamaliza mshahara, wanarudi kulala kwenye mji safi. Kipo mpaka leo, ni kasino na hoteli, siku hizi kiko ndani ya mpaka wa Henderson kwa Binti Chake. Na upande wa pili, ukitoka mjini kuelekea bwawani, kuna kasino nyingine imejibanza kwenye kipande cha ardhi binafsi kisichokuwa cha mji.

Nimelaza lori pale Railroad Pass mara nyingi, maegesho yao ni mapana. Ndipo nilipo sasa hivi, naandika haya nikisubiri ubwabwa wa Kichina.

Mama Kokoto, picha hizo hapo chini. Yule wa kulia ndiye aliyetaka kula begi langu.

---

#29 Mama Kokoto

Nimewaona. Yule wa kulia ana haki, begi lenyewe la kijani.